Mbuzi Wawili na Magunia Manne: Namna Boma Dogo Linavyoweza Kujilisha

Familia nyingi katika Kaunti ya Kilifi zinaishi kwenye viwanja visivyofika hata robo ekari. Kule Rabai na Kaloleni ardhi imegawanywa kati ya ndugu hadi ikabaki nafasi ya nyumba, minazi michache na ua. Ganze na Magarini ardhi ni kubwa zaidi, lakini mvua ni ya kubahatisha. Wakazi wa pande hizo wanakumbuka misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022.

Katika hali hiyo, mbuzi ndiye akiba ya nyumba. Karo ikidaiwa au mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitalini, mbuzi hupelekwa mnadani. Tatizo huanza pale anayeuzwa anapokuwa jike mwenye uwezo wa kuzaa, tena wakati wa kiangazi, amekonda na bei imeshuka. Familia hutatua shida ya wiki moja na kupoteza kizazi kizima. Mara nyingi nyumba hufika hapo kwa sababu mbili: chakula cha mbuzi kimekwisha, na fedha za nyumba zinaishia kununua mboga ambazo zingeweza kuota uani.

Mbuzi na bustani ya magunia, ndoo na mitungi mikuukuu vikifugwa na kutunzwa pamoja, sababu hizo zote mbili hupungua. Samadi ya mbuzi hurutubisha mboga, na masalio ya mboga hurudi kwa mbuzi. Lakini mpango huo una masharti yake, na asiyeyafuata hujikuta hana mboga wala mbuzi.

Kuanza na mbuzi wangapi

Boma dogo lianze na majike wawili. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Akifugwa peke yake hulia kutwa na hula kwa shida. Beberu si lazima awepo nyumbani, kwani hula sawa na wengine na harufu yake huweza kuingia kwenye maziwa. Majirani wanaweza kutumia beberu mmoja bora, mradi asipande mabinti zake mwenyewe. Ndiyo maana kila mfugaji anashauriwa kuandika daftarini tarehe ya kupandisha, beberu aliyetumika na tarehe ya kuzaa.

Kuhusu aina, mbuzi mdogo wa kienyeji huvumilia joto na magonjwa, ila hukua polepole. Galla, mbuzi mweupe mwenye asili ya kaskazini mwa Kenya, ana mwili mkubwa zaidi na amezoea ukame. Mbuzi wa maziwa kama Toggenburg, ambaye asili yake ni Uswisi, hutoa maziwa mengi lakini joto la Pwani humtesa. Anayetaka maziwa huku Pwani atapata nafuu kwa chotara.

Banda

Kwenye boma lenye bustani, mbuzi hafai kuachwa huru. Hufungiwa bandani na kuletewa majani. Kila mbuzi mkubwa anahitaji nafasi ya takriban mita 1.5 za mraba, pamoja na ua mdogo wa kujinyoosha.

Sakafu iinuliwe nusu mita au zaidi kutoka ardhini, kwa mbao au fito imara, na nyufa za takriban sentimita 1.5. Nyufa zikiwa finyu, kinyesi hakianguki; zikiwa pana, mguu wa mwanambuzi hunasa na kuvunjika. Mbuzi anayelala pakavu hapati kwa urahisi kuoza kwato wala vichomi, na samadi hukusanyika chini, tayari kuzolewa. Paa la makuti linatosha na hupunguza joto. Banda lisijengwe upande wa juu wa kisima, kwani mvua itapeleka uchafu majini.

Chakula

Mbuzi wa kilo 30 huhitaji kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kwa siku. Majani hayo yaning'inizwe au yawekwe kwenye hori lililoinuliwa, kwa kuwa mbuzi hukataa chakula kilichokanyagwa, na kile anachokiokota chini huja na mayai ya minyoo. Aongezewe jiwe la chumvi yenye madini na maji safi kila wakati. Wakati wa joto, na hasa akiwa ananyonyesha, hunywa zaidi.

Vyakula vitatu vinavyopatikana sana Pwani vinahitaji uangalifu:

- *Majani ya muhogo.* Yakiwa mabichi yana sumu inayoweza kumuua mbuzi kwa muda mfupi. Yakatwe na kuanikwa mpaka yakauke vizuri kabla ya kumpa, na hata hivyo yachanganywe na majani mengine.
- *Lusina.* Mti huu una protini nyingi na huota vizuri kwenye mpaka wa kiwanja. Lakini ukizidi theluthi moja ya chakula chote, mbuzi huweza kunyonyoka manyoya na kudhoofika.
- *Machicha ya nazi.* Ni chakula kizuri kwa kiasi kidogo, siku ile ile yalipokamuliwa. Yakilala huchacha na kuota ukungu.

Majani ya viazi vitamu, mabua ya mahindi na majani ya kunde baada ya mavuno yaanikwe kivulini na kuhifadhiwa. Akiba hiyo ndiyo humvusha mbuzi miezi ya Januari hadi Machi, wakati upepo wa kaskazi unavuma na majani ya porini yamekauka. Mfugaji mwenye marobota ya majani makavu mwezi wa Februari halazimiki kukubali bei yoyote anayopewa mnadani.

Kupandisha kwa hesabu

Mbuzi hubeba mimba takriban siku 150, yaani miezi mitano. Jike akipandwa mwanzoni mwa Desemba, atazaa karibu na mwanzo wa Mei, mvua za masika zikiwa zimechipusha majani. Akipandwa mwezi wa Juni, atazaa Novemba, wakati wa vuli. Akiachwa apandwe ovyo, huenda akazaa Februari, akose maziwa, na watoto wakafa. Mtamba asipandwe mara tu anapoonyesha joto kwa mara ya kwanza; asubiri afikishe karibu mwaka mmoja na mwili uliojaa.

Mwanambuzi anyonye maziwa ya kwanza ya mama yake, yaani dang'a, ndani ya saa za mwanzo baada ya kuzaliwa. Hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya magonjwa. Kitovu kipakwe iodini.

Kuhusu kuuza, kanuni ni nyepesi: wauzwe madume, wabakie majike. Madume yauzwe yakiwa na miili, kabla ya kiangazi kukolea.

Magonjwa ya kuangaliwa

Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Kenya mwaka 2006 na imeua wanyama wengi tangu hapo. Mbuzi huwa na homa, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara. Haina tiba, lakini chanjo moja humkinga mbuzi kwa takriban miaka 3. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo ina chanjo, ambayo hurudiwa kila mwaka. Mfugaji anayesikia afisa wa mifugo anachanja katika wadi yake asibaki nyumbani kwa kuwa mbuzi wake ni wawili tu. Mbuzi wawili wasiochanjwa wanatosha kuwaambukiza wa kijiji kizima.

Minyoo hujulikana kwa kutazama jicho. Kope la chini livutwe taratibu: ndani likiwa jekundu, mbuzi ana damu ya kutosha, likiwa jeupe, huenda minyoo inamnyonya na anahitaji dawa upesi. Dawa hupimwa kwa uzito wa mnyama. Kuipunguza ili itoshe wengi huizoesha minyoo, na baadaye dawa hiyo haifanyi kazi tena. Maziwa ya mbuzi aliyepewa dawa yasinywewe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Maziwa yote yachemshwe, kwa kuwa mbuzi anaweza kuwa na bruselosi bila dalili za wazi na kumwambukiza binadamu. Mama mjamzito asisaidie mbuzi anayezaa wala kugusa kondo lake.

Kutoka bandani hadi kwenye gunia

Samadi mbichi haiwekwi moja kwa moja kwenye mboga. Ina vijidudu vinavyosababisha maradhi ya tumbo, na mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa mbuzi bila kufa. Irundikwe kivulini kwa tabaka, ichanganywe na majani makavu, inyunyiziwe maji na kufunikwa. Fimbo ikichomekwa katikati ya rundo na kutoka ikiwa na joto, kazi inaendelea. Rundo ligeuzwe kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi 3 hadi 4 huwa jeusi, halina joto na linanukia udongo. Hapo limeiva.

Mchanganyiko wa kujaza gunia ni sehemu 3 za udongo wa juu kwa sehemu 2 za samadi iliyoiva. Udongo ukiwa mfinyanzi, iongezwe sehemu 1 ya mchanga. Kwenye udongo wa kichanga, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa husaidia, kwani hushika maji na kuyaachia kidogo kidogo.

Gunia hujazwa hivi: mkebe wa kilo 2 uliotobolewa kitako huwekwa katikati na kujazwa kokoto. Udongo humwagwa kuuzunguka mpaka ufike kimo cha mkebe. Mkebe huvutwa juu, kokoto zikabaki, na kazi hurudiwa mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto hupeleka maji mpaka chini. Bila hiyo, miche ya juu huoza na ya chini hufa kwa kiu. Matundu ya kando yapishane, kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20. Gunia kubwa hubeba miche 20 hadi 40.

Ndoo na mitungi iliyopasuka hufaa kwa nyanya, pilipili na biringanya, mradi itobolewe chini. Chombo chochote kilichowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu kisitumike hata kama kimeoshwa mara nyingi.

Kwa nyumba ya watu watano au sita, magunia manne ni mwanzo mzuri: mawili ya sukuma wiki, moja la mchicha na mnavu, moja la vitunguu vya majani na dania. Mchicha huanza kuchumwa wiki 3 hadi 4 baada ya kupandwa. Sukuma wiki huchumwa wiki 6 hadi 8 baada ya kupandikizwa, na huendelea kwa miezi kadhaa.

Maji

Wakati wa jua kali gunia moja huhitaji karibu lita 5 asubuhi na lita 5 jioni. Kwa magunia manne hiyo ni mitungi miwili ya lita 20 kwa siku, mzigo mkubwa kwa anayeteka maji mbali. Kwa hiyo idadi ya magunia ifuate maji yaliyopo. Maji ya kusuuzia nguo na vyombo yanaweza kutumika, mradi yasiwe na dawa ya kung'arisha nguo, na yamwagwe kwenye kokoto, si juu ya majani.

Paa la mabati ni kisima cha bure. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 20 za mraba likipata milimita 10, karibu lita 200 hushuka kwenye mifereji.

Mbuzi asifike gunia

Ugomvi mwingi kwenye mpango huu huzuka mbuzi anapokatika kamba. Dakika chache zinatosha kumaliza mboga za miezi miwili, na zikiwa za jirani, suala hufika kwa mzee wa mtaa. Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Gunia la nailoni likipigwa na jua huchakaa na kutoa nyuzi. Mbuzi akizila, hazimeng'enywi. Hujikusanya tumboni mpaka anakosa nafasi ya chakula, na hukonda huku tumbo limejaa. Magunia yazungushiwe wavu au fito zenye miiba, na yaliyochakaa yasiachwe uani.

Majani ya sukuma yaliyogeuka manjano apewe mbuzi, isipokuwa yale yaliyonyunyiziwa dawa ambayo siku zake za kusubiri hazijaisha.

Pa kupata msaada

Kilimo, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo ni majukumu ya kaunti chini ya Katiba ya 2010. Mkazi anaweza kumwona afisa wa kilimo au wa mifugo katika ofisi ya wadi kwa ushauri wa mbegu, chanjo na aina za mbuzi. Anayenunua au kuuza mbuzi mbali, kwa mfano kwenye mnada wa Bamba, apate kwanza kibali cha kusafirisha mifugo. Mbuzi mgeni akifika bomani atengwe kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Banda na lusina ya mpakani vianze kwanza, kisha mbuzi, kisha rundo la samadi. Samadi ikishaiva, magunia yajazwe. Anayeanza kwa kununua mbuzi kabla ya kujua atawalisha nini mwezi wa Februari, mara nyingi mwezi huo huo ndio huwapeleka mnadani.