Vijana wetu: tunawaita wakati wa kubeba mchanga tu?

Hivi karibuni kamati ya msikiti wetu hapa Kiomboi ilikaa kujadili kwa nini vijana wamepungua katika safu. Tulitaja sababu nyingi: simu, mpira, bodaboda. Mmoja wetu akashauri tumwulize kijana mwenyewe. Tulimwita mmoja aliyekuwa akiegesha pikipiki nje, naye akajibu kwa adabu: "Shikamooni, wazee wangu. Mimi nimezoea kuitwa mchanga ukiletwa."

Tulifungua daftari la mihtasari. Vijana walitajwa mara nyingi, lakini kwa mambo mawili tu: kazi za kubeba na malalamiko ya wazazi. Hatukuona ukurasa ambao rai yao iliandikwa.

Wataalamu wa elimu ya jamii wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alieleza kuwa nguvu ya jamii hutokana na asabiyya, yaani mshikamano unaowafanya watu wajione wamoja. Karne tano baadaye, mwaka 1897, Émile Durkheim wa Ufaransa alionesha kuwa mtu ambaye vifungo vyake na familia, dini na jamii vimelegea yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua.

Siku hizi furaha hupimwa kwa ngazi: mtu huulizwa maisha yake yako kwenye kidato cha ngapi, kuanzia sifuri hadi 10. Kwa kipimo hicho, Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2017 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Wengi watasema ni umaskini, na umaskini ni mzigo kweli. Lakini katika ripoti ya mwaka 2024, Marekani yenye utajiri mkubwa ilishika nafasi ya 10 kwa watu wa miaka 60 na zaidi, na ya 62 kwa walio chini ya miaka 30. Basi mali peke yake haimtoshi kijana.

Mtu huyapima maisha yake kwa kuwatazama wengine. Zamani kijana wa Iramba alijilinganisha na jirani alimaye alizeti na vitunguu. Leo hujilinganisha na wageni anaowaona kwenye simu, ambao madeni yao hayaoni. Mtume (s.a.w.) alitufunza kumtazama aliye chini yetu katika neema za dunia ili tusizidharau tulizopewa. Hata hivyo, nasaha isiwe kisingizio cha kumwacha kijana bila riziki. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mikopo hiyo kwa kawaida hupitia vikundi, na kikundi hakisimami pasipo watu wanaoaminiana. Msikiti ni mahali pazuri pa kuanzia kuaminiana huko.

Tukumbuke pia kwamba Mtume (s.a.w.) alimkabidhi Usama bin Zayd uongozi wa jeshi akiwa kijana wa takriban miaka 18, na chini yake walikuwamo masahaba wakubwa. Wapo walionung'unika, lakini Mtume hakumwondoa.

Nasi tumetenga viti viwili vya vijana katika kamati. Si wote walioafiki. Katika kikao cha kwanza, swali lao lilikuwa moja: hesabu za michango husomwa lini? Baadhi yetu tulinuna, kisha tukakubaliana zisomwe kila mwezi baada ya swala ya Ijumaa.

Wazazi wenzetu, leo jioni, kabla ya kumtuma kijana dukani, muulizeni rai yake juu ya jambo moja la nyumba. Kisha msikilizeni hadi amalize.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.