Kunyamaza bado si kutulia

Mtoto wa miaka miwili anajitupa chini katika soko la Kwa Siyoni, hapa Bujumbura, kisa juisi aliyonyimwa. Mama anaona macho ya watu, anainama: "Nyamaza, polisi anakuona!" Kilio kinakatika, wapita njia wanaridhika. Mimi siridhiki. Mguse kifua: moyo bado unakwenda mbio. Hasira imetoka, hofu imeingia. Na katika mji ambao mwaka 2015 mitaa ya Musaga na Cibitoke ililala kwa milio ya risasi, mtu mwenye bunduki si wa kumtishia mtoto.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia ghadhabu, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kumwambia wa miaka miwili ajizuie ni kumdai asichonacho. Utulivu huuazima kwa mtu mzima, tena kupitia mwili kabla ya maneno. Mwaka 2013 watafiti wa Japani, Kumi Kuroda na wenzake, walionyesha kwamba mtoto mchanga akibebwa na mama anayetembea, kilio hupungua na mapigo ya moyo hushuka. Mama akimpakata ameketi tu, haiwi hivyo. Mama wa mtaa wa Kinama aliyemfunga mwanawe mgongoni kwa kitenge humtuliza kwa kutembea kila siku bila kupima mapigo ya mtu.

Mtoto mkubwa kidogo hukataa kubebwa anapopiga mateke. Usimlazimishe. Mayowe na mateke hupanda mapema, kisha hushuka. Huzuni ndiyo hubaki, na hapo ndipo anapomtafuta mtu. Kwa hiyo mwondoe penye hatari, chuchumaa karibu naye, sema machache, ukitoa pumzi polepole ili wewe mwenyewe utulie. Akianza kwikwi, fungua mikono. Baadaye mpe jina la lililompata: "Umekasirika kwa sababu hatukununua juisi." Tumia lugha ya nyumbani, Kiswahili au Kirundi, Kifaransa cha shule kisubiri. Na juisi usinunue! Kumfariji mtoto si kubadili uamuzi, ingawa shangazi na majirani watakushauri umpe tu yaishe.

Anayelia hadi pumzi inakatika na midomo kuwa ya buluu mpeleke kituo cha afya. Hali hiyo huweza kuendana na upungufu wa madini ya chuma. Anayejiumiza mara kwa mara naye aonwe na mtaalamu. Mtaani Kamenge kuna kituo cha magonjwa ya akili. Lakini ninayemhofia zaidi ni yule ambaye, baada ya mafuriko ya mto Rusizi kuihamisha familia yake kutoka Gatumba, hachezi, halii, hasumbui, na wageni wanamsifu kwa adabu zake. Huyo asisubirishwe.