Kuongeza Soketi katika Banda la Gari kwa Gharama Nafuu

Katika nyumba nyingi banda la gari hujengwa likiwa na taa moja tu. Baadaye huletwa jokofu, kompresa ya upepo au chaja ya betri, na mwenye nyumba huvuta waya wa ekstensheni kupitia dirishani. Waya uliokusudiwa kutumika kwa muda hugeuka kuwa wa kudumu: hukanyagwa, huloa mvua, hupata joto, na hatimaye huweza kuunguza nyumba au kuua mtu. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuongeza soketi kwa fedha chache, na kubainisha pale panapofaa kubana matumizi na pale pasipofaa.

Anza kwa hesabu

Orodhesha vifaa utakavyotumia bandani pamoja na nguvu ya kila kimoja, ambayo huandikwa kwa wati kwenye kibandiko chake. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Kwa hiyo soketi ya ampea 13 huhimili takriban wati 3,000. Kompresa ya wati 1,500 na mashine ya kuoshea gari ya wati 1,800, zikichomekwa pamoja katika soketi moja kwa ekstensheni, huzidi kiwango hicho. Iwapo unatarajia kutumia mashine ya kuchomelea vyuma, mweleze fundi mapema, kwa kuwa yaweza kuhitaji njia yake yenyewe ya umeme.

Pale panapofaa kubana

Nyaya zinaweza kupitishwa juu ya ukuta ndani ya mabomba ya plastiki, hivyo ukaepuka gharama ya kuchimbua ukuta na kupiga lipu upya. Soketi ziwekwe upande ulio karibu na kisanduku cha swichi kuu, kwani kila mita ya waya ina bei yake. Chagua soketi pacha, kwa sababu waya na kazi ya kuifunga havitofautiani sana na vya soketi moja. Ikiwa banda limejitenga na nyumba, waweza kuchimba mtaro mwenyewe kwa vipimo utakavyopewa na fundi.

Pale pasipofaa kubana

Kwanza, unene wa waya. Waya wa milimita za mraba 1.5 hutumika kwa taa. Kwa soketi tunashauri usipungue milimita za mraba 2.5, ukilindwa kwa sakiti breka inayolingana na uwezo wake. Breka inayokatika mara kwa mara inatoa onyo. Kuweka kubwa zaidi bila kubadili waya ni kumwondoa mlinzi mlangoni.

Pili, waya wa ethi na kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifikia miliampea 30, hukata mara moja. Sakafu ya banda huwa na unyevu, na mtumiaji huenda akawa peku. Hapo ndipo kifaa hiki huokoa maisha.

Tatu, ubora wa waya. Kwarua ncha yake kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Usiinunue.

Nne, fundi. Kwa Tanzania Bara, mafundi wa kufunga mifumo ya umeme hupewa leseni na EWURA. Omba kuiona leseni kabla ya kazi kuanza.

Kabla ya kulipa

Pata makubaliano ya maandishi yanayotenganisha gharama za vifaa na za ufundi. Dai risiti ya kila kifaa, maana bila risiti ni vigumu kurudisha bidhaa mbovu. Bakiza sehemu ya malipo hadi fundi apime ethi na nyaya mbele yako, kisha bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD uone kama umeme unakatika.

Fedha zikipungua, punguza idadi ya soketi, si ubora wake. Soketi moja iliyofungwa vizuri leo itaongezewa nyingine mwakani. Nyumba iliyoungua haijengwi kwa akiba ya mita chache za waya.