Kivu: Maumivu ya mawe ya figo na safari ndefu ya kungojea matibabu

Maumivu yanaanza mara nyingi usiku ama asubuhi mapema, upande mmoja wa mgongo, chini ya mbavu. Yanashuka tumboni, yanafika kwenye kinena, na kwa wanaume mpaka kwenye mapumbu. Mgonjwa hapati namna ya kukaa: akilala anaamka, akisimama anainama, anatapika, jasho linamtoka. Nyumbani watu wanafikiri ni malaria, tifoide, ama ile sumu ambayo wakaaji wa Kivu wanaita karuho. Wengi wanatibiwa kwa hayo yote, moja kisha lingine, kabla ya kusikia neno «mawe» ndani ya chumba cha ekografi.

Huko Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia, kusikia neno hilo ni mwanzo tu. Kati ya siku jiwe linapoonekana na siku linapotolewa, majuma na hata miezi inaweza kupita. Mgonjwa anatafuta feza, anatafuta mtaalamu, anatafuta njia ya kumfikia. Wakati huo wote jiwe linabaki ndani, na figo inaendelea kuteseka.

Maji kidogo, mkojo mzito

Mkojo unabeba chumvi ambazo mwili hauhitaji tena. Mkojo ukiwa mzito, chembe za chumvi hizo zinashikana na kufanya jiwe. Mawe mengi yanafanyika na kalsiamu iliyoungana na oksalati. Mengine yanatokana na asidi ya uriki, na mengine yanaletwa na maambukizi ya mkojo yanayorudi-rudi, jambo linaloonekana zaidi kwa wanawake.

Sababu inayojulikana zaidi ni kunywa maji kidogo. Motari anayeshinda juani siku nzima, mchimbaji wa madini ndani ya shimo, mama anayebeba mizigo kutoka mpakani, muuzaji wa sokoni anayejizuia kunywa kwa sababu choo kiko mbali: wote wako katika hatari moja.

Waganga wanashauri mtu anywe kiasi cha kutoa mkojo wa lita 2 hadi 2,5 kwa siku. Kwa jamaa nyingi za Goma, hesabu hiyo si ndogo. Watu saba wakinywa lita 3 kila mmoja, bidoni nzima ya lita 20 inaisha kwa kunywa tu, kabla ya kupika na kuosha. Ziwa Kivu liko hapo mbele ya macho, lakini maji yake yasipotiwa dawa ama kuchemshwa, yanaweza kuleta kipindupindu.

Milimita chache zinazoamua

Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe, hasa likiwa limekwisha kushuka karibu na kibofu. Inaweza kuchukua majuma manne hadi sita. Kati ya milimita 5 na 10, mambo hayajulikani mbele: mengine yanatoka, mengine yanakwama. Likipita milimita 10, kungojea litoke lenyewe ni kupoteza wakati.

Ndiyo maana karatasi ya ekografi isiyoandika ukubwa wa jiwe na mahali lilipo haimsaidii mgonjwa sana. Ekografi inaonyesha vizuri figo iliyovimba, lakini inaweza kukosa jiwe lililo ndani ya mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Radio ya kawaida haionyeshi mawe ya asidi ya uriki. Skana ndiyo inayoona vizuri zaidi, lakini bei yake inawashinda wengi.

Damu ndani ya mkojo nayo si ushahidi wa jiwe peke yake. Bilharzia na maambukizi ya kibofu yanaweza kuileta pia. Bila vipimo, mtu anaweza kutibiwa miezi mingi kwa ugonjwa ambao hana.

Kuvumilia, lakini kwa akili

Kwa maumivu haya, dawa za kwanza ni zile za aina ya diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu zinapunguza pia mkazo ndani ya mrija. Paracetamol inaweza kusaidia. Zikishindwa, hospitali inatumia dawa kali zaidi kama tramadoli ama morfini, chini ya uangalizi wa mganga.

Hatari iko kwenye mazoea ya kununua kila siku kwenye farmasi ya mtaa. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuumiza figo iliyokwisha kuchoka, zinaweza kutoa damu kwa mwenye vidonda vya tumbo, na hazifai kwa mama mwenye mimba bila ruhusa ya mganga. Mtu anayezimeza juma baada ya juma akingojea upasuaji anaweza kuharibu figo ileile anayotaka kuokoa.

Kuna pia imani kwamba bia inasukuma jiwe litoke. Ni kweli kwamba inaongeza mkojo kwa muda, lakini baadaye inakausha mwili. Hata maji, kunywa mengi kwa nguvu wakati maumivu yanapokuwa makali hakusukumi jiwe; kunaweza kuongeza maumivu na kutapika. Maji yanasaidia yakinywewa kidogo kidogo kila siku, wakati mtu ametulia. Dawa za miti zinazouzwa kwa jina la «kusafisha figo» hazina kipimo kinachojulikana, na baadhi ya mimea inaumiza figo.

Jambo moja rahisi linasahauliwa: kukojolea ndani ya kopo na kuchuja mkojo kwa kitambaa safi. Jiwe likitoka, lihifadhiwe na kupelekwa kwa mganga. Ndilo ushahidi wa kweli kwamba limetoka, na linaweza kusaidia kujua ni la aina gani.

Maumivu yakiisha, kazi haijaisha

Kosa linalogharimu wagonjwa wengi ni kufikiri kwamba maumivu yakiisha, ugonjwa umeisha. Jiwe linaweza kukwama na kuziba mrija, kisha maumivu yakapungua. Figo iliyozibwa kabisa kwa majuma kadhaa inaweza kupoteza nguvu yake kimyakimya. Mgonjwa anarudi kazini akishukuru, kumbe figo moja inakufa.

Kuna alama ambazo hazingojei kesho. Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu ni ya kwanza: ina maana mkojo uliozibwa unaweza kuwa umeoza, na sumu yake inaweza kuingia ndani ya damu na kuua kwa muda mfupi. Hapo antibiotiki peke yake haitoshi, lazima mkojo ufunguliwe njia haraka. Nyingine ni kukosa mkojo kabisa, kutapika kusikokoma, maumivu yasiyosikia dawa, na jiwe kwa mama mwenye mimba ama kwa mtu aliye na figo moja tu.

Njia zilizofungwa

Leo dunia inatoa mawe mengi bila kupasua tumbo. Tangu 1980, mashine iliyotumiwa mara ya kwanza huko Munich, Ujerumani, inavunja mawe kwa mawimbi kutoka nje ya mwili. Waganga wanaweza pia kupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, ama kuingia kwa tundu dogo mgongoni. Mashariki mwa RDC vyombo hivyo ni adimu, wataalamu wa magonjwa ya mkojo ni wachache, na upasuaji wa kufungua bado ndio unaotumika sana.

Vita vimeongeza uzito. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23, mwezi wa Januari na Februari 2025, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa, na benki zikafunga milango. Mgonjwa aliyeandikiwa kupelekwa Kinshasa alijikuta bila ndege, na jamaa yenye feza kidogo kwenye benki ikashindwa kuzitoa. Kwa wengi iliyobaki ni kuvuka kwenda Rwanda ama Uganda, wakilipa safari, karatasi, makao na hospitali kwa mkono.

Wengine wanawekewa mrija mwembamba unaoitwa sonda ya JJ, unaopitisha mkojo pembeni ya jiwe. Unaokoa figo, lakini ni wa muda tu, na kwa kawaida unapaswa kutolewa ama kubadilishwa ndani ya miezi michache. Mtu aliyewekewa ng'ambo ya mpaka, akakosa feza za kurudi, anaweza kuusahau kwa kuwa haumsumbui sana. Miezi ikipita, mawe mapya yanaota juu ya mrija wenyewe, na kuutoa kunakuwa kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Sahani ya kila siku

Karibu nusu ya watu waliopata jiwe wanaweza kupata lingine ndani ya miaka kumi wasipojilinda. Chumvi nyingi na nyama nyingi zinapaswa kupunguzwa. Lengalenga ina oksalati nyingi, lakini si lazima kuikimbia: ikichemshwa na maji yake kumwagwa, oksalati inapungua. Ikiliwa pamoja na sambaza, ambazo zinaliwa na mifupa yake, kalsiamu ya samaki inashika oksalati tumboni kabla haijafika kwenye figo. Kwa hiyo kuacha maziwa na samaki wadogo kwa kuogopa kalsiamu ni kosa. Maji ya ndimu nayo yanasaidia.

Kwa anayengojea matibabu, mambo matatu yanapaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kutoka hospitalini: ukubwa wa jiwe, mahali lilipo, na tarehe ya kurudia ekografi. Aliyewekewa sonda aongeze ya nne, tarehe ya kuitoa, na amwambie mtu mmoja wa jamaa aishike pia kichwani.