Je, mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kulazwa hospitali kwa nguvu?

Siku ya mgao umefika, na kijana wako mwenye ulemavu wa akili hana wa kubaki naye. Familia nyingi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda zinaijua hali hii. Wengine humfungia ndani au humfunga kamba. Wengine huomba achukuliwe akakae hospitali ya Butabika, Kampala. Sheria inasemaje?

Ulemavu si ugonjwa

Ulemavu wa akili huanza utotoni. Mtu huchelewa kujifunza, kuongea au kujihudumia, na hakuna dawa ya kuuondoa. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote, na unatibika. Mwenye ulemavu naye anaweza kuugua. Hapo hutibiwa ugonjwa wake, si ulemavu wake.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018 inaruhusu kumlaza mtu bila ridhaa yake, lakini kwa sababu ya ugonjwa, na baada ya kupimwa na mhudumu wa afya anayeruhusiwa. Uchovu wa familia au malalamiko ya majirani hayatoshi.

Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 14 kinasema ulemavu hauwezi kamwe kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru. Katiba, ibara ya 24, inakataza kumtendea mtu yeyote ukatili. Mkimbizi na mwenyeji wote wanalindwa.

Ufanye nini?

• Tabia ikibadilika ghafla, mpeleke kwanza kituo cha afya. Asiyeweza kusema "naumwa" huenda anapiga kelele kwa sababu ya jino, malaria au kifafa.

• Wakitaka kumlaza, uliza: ana ugonjwa gani? Nani amempima? Atakaa siku ngapi? Tukipinga, tuende wapi?

• Kama shida ni kukosa wa kubaki naye, mweleze mwenyekiti wa RWC au LC1, au nenda dawati la ulinzi. Uliza kama mtu mwingine anaweza kuandikishwa akupokelee mgao.

• Ukijua mtu amefungwa kamba au mnyororo, toa taarifa. Lengo ni familia isaidiwe, si kuiaibisha.

Mzazi aliyechoka anahitaji msaada. Mtoto wake naye anahitaji kubaki nyumbani, akiwa huru.