Umeme usioyumba: Somo kutoka kwa wazalishaji wa mbegu

MKULIMA wa chai wilayani Rungwe akishachuma majani mabichi, huanza kushindana na saa. Majani yakifika kiwandani hunyaushwa kwa feni, husagwa, kisha hukaushwa. Mashine hizo zinategemea umeme. Ukikatika kwa muda mrefu majani hupata joto, ubora hushuka na bei hushuka nayo. Kilo moja ya chai kavu huhitaji zaidi ya kilo nne za majani mabichi, hivyo hasara si ndogo. Mfugaji wa Tukuyu anayepeleka maziwa kwenye tangi la kupozea yumo katika hatari hiyo hiyo.

Kwa nini hitilafu ya sehemu moja huzima eneo kubwa? Juni 7, 2016 nchini Kenya, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru. Mashine nyingine zilielemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu. Hapa Tanzania, gridi ya Taifa ilipata hitilafu Aprili 1, 2024 na maeneo mengi yakawa gizani.

Hatari nyingine ni kuyumba. Vituo vinavyounganishwa na nyaya ndefu, kama zinazotoka Kidatu kupitia Iringa hadi Mbeya, ni sawa na watu wawili waliobeba mzigo kwa mti mmoja mabegani. Mmoja akipoteza hatua, mwenzake huyumba pia. Kuyumba huko kusipotulizwa mapema, mitambo hujizima ili isiharibike.

Dawa yake ni kugatua udhibiti. Kila kituo hufungwa kifaa kinachopima mashine ya hapo na kuituliza papo hapo, bila kusubiri amri kutoka mbali. Ugumu ni kwamba vifaa hivyo havionani, lakini lazima vipatane. Kinachotuliza kituo kimoja kinaweza kuvuruga kingine.

Mwaka 1998 wataalamu Taranto na Falcão wa Rio de Janeiro, Brazil, walichapisha njia ya kuvipanga kwa pamoja kwa kutumia algorithimu za kijenetiki, mbinu ya kompyuta iliyoenezwa na John Holland wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Mbinu hiyo haitakuwa ngeni kwa anayefahamu kazi ya watafiti wa Uyole waliotoa aina za maharage kama Uyole 96. Mtafiti huchagua wazazi, huwachanganya, hupanda uzao wao katika maeneo tofauti, huacha dhaifu na kurudia. Kompyuta nayo huanza na mipangilio mingi ya vifaa, kila mmoja ukiwa ni safu ya namba. Huijaribu katika hali mbalimbali: matumizi makubwa, matumizi madogo, waya mmoja umekatika. Iliyofanya vizuri huchanganywa, namba chache hubadilishwa kwa bahati nasibu, kisha kizazi kipya hujaribiwa.

Hata hivyo, kompyuta hujaribu yale tu iliyopewa. Ikiwa hali ya mto uliopungua maji mwezi Oktoba haikuwekwa kwenye majaribio, hakuna wa kuahidi kwamba mpangilio utaihimili.

Jambo hili linamhusu mkulima moja kwa moja. Wilayani Mufindi, mtambo wa maji wa Mwenga wenye megawati 4 umekuwa ukihudumia vijiji na kuuza umeme kwenye gridi tangu mwaka 2012. Rungwe nayo ina mito mingi. Kikundi kikiombwa kuchangia mradi wa namna hiyo, kisiulize tu utazalisha kiasi gani mvua zikiwa nyingi. Kiulize: Gridi ikizimika, mtambo utaweza kuendelea wenyewe? Kifaa kimoja kikiharibika, vingine vitaendelea? Na umejaribiwa katika hali ngapi mbaya?

Majibu hayo yapatikane kabla ya fedha kutolewa. Chai na maziwa huharibika siku mbaya, na siku hiyo ndiyo inayopaswa kuwa kipimo cha mradi.