Je, Wajua? Kubadili lebo ya gunia hakukoboi kahawa

Java, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, ilipewa jina la kahawa. Nembo yake ni kikombe kinachofuka mvuke. Basi tuielezee kwa kahawa ya Moshi, mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoundwa 1933.

Mkulima wa Kilema au Machame humenya kahawa mbivu, huichachusha, huiosha, huianika. Ikikauka bado ina ganda la ndani. Gunia hilo ukiliita “zao” tu, hujakosea. Ukiliandika “kahawa safi”, yaani iliyokwisha kukobolewa, umedanganya. Ndivyo ilivyo katika Java: kuita kitu kwa aina pana zaidi ni salama siku zote, lakini kukilazimishia aina ambayo si yake huleta kosa la ClassCastException, tena programu ikiwa tayari kazini.

Kubadili hasa ni kuunda kitu kipya. Nani abebe kazi hiyo? Kahawa haijui lolote kuhusu mashine ya kukoboa. Mashine ndiyo iliyotengenezwa kwa kuijua kahawa. Java 8 ya mwaka 2014 ilichagua hivyohivyo: klasi kongwe ya wakati, Date, ndiyo iliyopewa njia zote mbili, ya kwenda kwa klasi mpya ya wakati, Instant, na ya kurudi, ilhali Instant, ngeni wakati huo, haiitaji Date popote. Date ikiondolewa kesho, Instant haiguswi.